Si Wepesi wa Mkono

Wafanya mazingaombwe wana kauli moja wanayoirudia kila wanapopanda jukwaani: kwamba mkono wao ni mwepesi kuliko macho yetu. Nasi tumeikubali. Tunakaa tumekodoa macho, tukiamini kwamba tungekuwa na macho makali zaidi kidogo tungewanasa. Jioni hii naomba tuibishie kauli hiyo. Nitatumia karata peke yake, zilezile 52 za kopa, shupaza, uru na pau zinazochezwa barazani. Njiwa, kofia na yule bibi anayekatwa kwa msumeno tuwaache hukohuko jukwaani.

Tuanzie Chicago, mwaka 1922, ndani ya hoteli iliyoitwa Great Northern. Harry Houdini alikuwapo, na wakati huo hakuna mwanamazingaombwe wa Marekani aliyemfikia kwa jina. Watu walimjua kwa kufungua pingu na kujitoa ndani ya masanduku, lakini alianza maisha ya jukwaani na karata, tena akijiita mfalme wa karata. Alijivunia jambo moja: mwonyeshe kiinimacho cha karata mara tatu, atakwambia kimefanywaje. Basi kijana mmoja mzaliwa wa Ottawa, Kanada, aitwaye Dai Vernon, akamwomba achague karata na kuiandika herufi za jina lake kwa wino. Houdini akaandika H.H. Vernon akaichukua, akaichomeka iwe ya pili kutoka juu, polepole, watu wote wakiona. Kisha akafunua ya juu. Ni ileile yenye wino. Akarudia. Akarudia tena. Wanaosimulia husema ilifika mara saba au nane, Houdini akidai tena na tena, na asijue. Tangu hapo Vernon akajulikana kama mtu aliyemweza Houdini, na jina hilo lilimlisha kwa miaka mingi.

Sasa tulipime jambo hili. Houdini hakuwa mgeni wa karata. Alikuwa amekaa karibu, ameshaambiwa kwamba anakwenda kudanganywa, na ameshaona mara kadhaa kiinimacho kinavyoanza na kinavyoishia. Kama siri ingekuwa kasi, kurudia kungemfaa, maana kufikia mara ya nane jicho lingekuwa limeshajua pa kusubiria. Halikujua. Lilikuwa linasubiri kwenye kituo ambacho gari lilishapita.

Wenye kazi hii wana mwiko wa kutotoboa siri, nami sitafuti ugomvi nao. Lakini msingi wa kiinimacho hiki umechapishwa vitabuni kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa hiyo sioni kama natoboa kitu. Mfanyaji anapofunua karata ya juu akuonyeshe, hafunui moja. Anafunua mbili zilizolaliana sawasawa, kana kwamba ni moja. Uso unaouona ni wa karata ya pili, wewe unausoma kuwa wa ya kwanza. Anazirudisha zote mbili kifudifudi, halafu anachukua ile ya juu peke yake na kuipeleka chini kwa madaha, polepole, akikuomba uangalie vizuri. Nawe unaangalia vizuri! Unaiangalia karata isiyohusika ikizikwa, huku ile yenye wino ikibaki juu. Kufikia sekunde ile anapokuomba uangalie, kazi imekwisha.

Hapa fizikia inaingia, na naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Karata nzuri ina unene wa karibu milimita 0.3. Jicho zima la binadamu linaweza kutenganisha vitu viwili iwapo vimeachana kwa pembe isiyopungua sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikokotoa pembe hiyo kwa mtu aliyekaa mita moja, unapata milimita 0.29. Maana yake nini? Maana yake unene wa karata moja, kwa umbali wa watu wawili wanaokaa meza moja, uko hasa kwenye ukingo wa uwezo wa jicho. Karata mbili pamoja zina milimita 0.6, nazo zinafika kwenye ukingo huohuo mtazamaji akiwa mita mbili. Aliyeketi mstari wa pili hana namna ya kujua kwa kuona tu kama zimeinuliwa moja au mbili. Hata aongezewe taa. Na aliyeketi mstari wa mbele hapewi ubavu wa karata autazame. Anapewa uso wake, wenye rangi na picha, na ni uso huo anaoutaka kuuona.

Kinachomfichua mfanyaji mbovu ni kingo kutolingana. Karata ya chini ikichomoza nusu milimita pembeni, mstari mwembamba wa kivuli unatokea, na jicho letu ni hodari mno kwa mistari na vivuli. Ndiyo maana mtu anatumia miaka akijifunza kitu kinachoonekana cha kijinga: kuinua karata mbili.

Na karata zenyewe tusizidharau. Karata ya kazi hii ni tabaka mbili za karatasi zilizogandishwa kwa gundi nyeusi, ili ukiielekeza kwenye taa usione kilicho upande wa pili. Zile za Bicycle, ambazo zimekuwa zikiuzwa Marekani tangu 1885, zina vijishimo vidogo uso mzima, unavihisi ukipitisha kucha. Hewa hukaa ndani ya vijishimo hivyo, karata mbili zisigusane eneo lote, kwa hiyo zinateleza. Bonyeza kidogo kwa gumba na msuguano unapanda, kwa sheria ileile tuliyofundishwa sekondari: kadiri nguvu inayokandamiza inavyoongezeka, ndivyo msuguano unavyoongezeka. Gumba likilegea, karata moja inachomoka peke yake. Likikaza, mbili zinatembea pamoja. Nusu nzima ya ufundi wa karata imo katika kukaza na kulegea huko, na hakuna mtazamaji anayeweza kuona nguvu ya gumba la mwenzake.

Waliocheza karata Tanga, Unguja au Mombasa wakati wa masika wanaijua shida inayofuata. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, inavimba, inajikunja, na jozi iliyokuwa ikiteleza vizuri inaanza kunata kama imemwagiwa soda. Wanamazingaombwe wa zamani walipaka karata unga mweupe wa stearati ya zinki, kama wacheza keramu wanavyomwaga poda ubaoni, ili karata zifunguke kama kipepeo bila kushikana.

Kuna na unyumbufu. Karata ukiipinda inataka kurudi. Anayetaka kuificha kiganjani haibani kwa vidole. Anaiacha ijibane yenyewe, kona zake zikisukuma huku kwenye ncha za vidole na huku kwenye nyama ya chini ya gumba. Karata ina urefu wa milimita 88.9 na upana wa milimita 63.5, kipimo kinachokaa vizuri katika kiganja cha mtu mzima. Mkono uliobeba karata kwa namna hiyo unaweza kulegea, na mkono uliolegea haushukiwi. Anayeanza kujifunza anakaza vidole, ngumi inakuwa kama ya mtu aliyeiba sukari, na watoto wa mstari wa mbele wanaanza kucheka.

Ncha za vidole zenyewe zina uwezo ambao macho hayana. Watafiti wa Stockholm, Uswidi, walionyesha mwaka 2013 kwamba kidole kinachopitishwa juu ya uso wa kitu kinaweza kutofautisha uso laini kabisa na ule wenye vimikunjo vya nanomita 13, kimo ambacho ni kama sehemu moja ya milioni ya unene wa kidole. Hilo linamweleza kidogo Richard Turner wa Texas. Huyu bwana alianza kupoteza kuona akiwa na umri wa miaka tisa, na leo haoni. Lakini anagawa karata ya pili huku ile ya juu ikibaki palepale, mbele ya watu wanaojua anachofanya, na hawaoni. Kampuni ya karata imemtumia kama mpimaji wa mguso, awaambie kama karatasi imekatwa vizuri na kama umaliziaji wa uso umepungua. Filamu ya maisha yake, iliyotoka mwaka 2017, inaitwa Dealt. Naitaja kwa sababu inazima kabisa hoja ya macho makali: mtu asiye na macho anawadanganya wenye nayo, kwa mikono inayokwenda kwa mwendo wa kawaida.

Turudi kwenye kasi, maana nimeahidi kuibishia. Mwaka 1896 mwanasaikolojia Joseph Jastrow wa chuo kikuu cha Wisconsin aliwachukua wanamazingaombwe wawili waliokuwa na majina makubwa kuliko wote Marekani, Alexander Herrmann na Harry Kellar, akawapima kwa vyombo vya maabara. Alipima mguso wao, alipima wanachukua muda gani kuitikia ishara, alipima mikono inavyokwenda. Ikiwa kweli mkono wao ni mwepesi kuliko jicho, hapo ndipo ungeonekana. Vipimo havikuonyesha kitu cha ajabu. Walikuwa watu kama sisi. Miaka miwili kabla yake, Paris, Alfred Binet, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa vipimo vya akili, alikuwa ameshafanya jambo la werevu zaidi. Aliwaita wanamazingaombwe na kumwomba mpigapicha Georges Demenÿ awapige picha za mfululizo, moja baada ya nyingine haraka haraka, katika miaka ambayo sinema ilikuwa bado inazaliwa. Picha zilipotazamwa moja moja, kiinimacho kikatoweka. Kila mtu aliona karata inapokwenda. Mkono haukuwa na kasi yoyote ya kushinda kamera ya karne ya kumi na tisa.

Fikirini: kubadilisha karata kwa ufundi kunachukua kama robo sekunde. Sinema hupiga picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo tendo hilo linaacha picha sita kamili. Nzi anayekatiza mbele ya uso wako kwa muda huohuo unamwona bila taabu.

Na kama bado kuna anayebisha, kuna René Lavand wa Ajentina, aliyefariki mwaka 2015. Mkono wake wa kulia aliupoteza katika ajali akiwa mtoto wa miaka tisa. Akajifunza karata kwa mkono wa kushoto peke yake, na vitabu vyote viliandikiwa watu wenye mikono miwili, kwa hiyo ilimbidi abuni kila kitu upya. Kiinimacho chake kilichopendwa zaidi kilikuwa cha karata sita, nyekundu tatu na nyeusi tatu. Anazipanga moja nyekundu, moja nyeusi, kwa kupokezana, halafu zinajitenga zenyewe. Anafanya tena, polepole zaidi. Tena, polepole zaidi ya hapo, akiwaambia watu kwamba haiwezekani kufanya taratibu zaidi ya hivi. Mzee mwenye mkono mmoja anakwenda kwa mwendo wa konokono na ukumbi mzima haujui. Mimi kwangu huyo ndiye hakimu wa shauri hili.

Basi kama si kasi, ni nini? Tufanye jaribio, na redio inatufaa kwa hili kwa sababu kila mmoja atalifanya peke yake. Kama una karata karibu, chomoa moja bila kuitazama. Kama huna, noti au kipande cha gazeti chenye maandishi kitatosha. Tazama mbele, chagua alama ukutani, usiiachie. Sasa nyoosha mkono ulioshika karata upande, usawa wa sikio, kisha uulete mbele polepole. Usichungulie. Utaona kitu kinatikisika, hilo ni la mapema. Lakini je, ni nyekundu au nyeusi? Endelea kuuleta. Je, ni tatu au ni saba? Utashangaa jinsi mkono unavyolazimika kukaribia ile alama ya ukutani kabla hujaweza kuapa.

Eneo la jicho linaloona kwa usahihi kamili ni dogo, kama digrii mbili hivi, sawa na ukucha wa gumba ukiunyoosha mkono mbele. Nje ya ukucha huo, dunia imechorwa kwa chaki butu. Hatujui hivyo kwa sababu jicho halitulii: linaruka mara tatu hivi kwa kila sekunde, ukucha huu unapelekwa hapa, pale, kule, na ubongo unashona vipande na kutupatia shuka moja isiyo na mshono. Tena katikati ya kila mruko ubongo unapunguza kuona, vinginevyo tungeona kila kitu kikivurugika kama picha ya kamera iliyotikiswa. Ukisimama mbele ya kioo na kuhamisha macho yako kutoka jicho moja kwenda jingine, hutayaona yakisogea hata kidogo. Aliyesimama kando yako anayaona.

Kwa hiyo mfanya karata hana haja ya kukushinda mbio. Anahitaji kujua ukucha wako uko wapi. Na hilo, jamani, tunamwambia wenyewe bure, kwa sababu macho yetu yana tabia. Yanafuata kitu kinachosogea kuliko kilichotulia, kikubwa kuliko kidogo. Watafiti wa Marekani wakishirikiana na mchomozi maarufu wa jukwaani, Apollo Robbins, walichapisha mwaka 2011 matokeo yanayoonyesha kwamba mkono ukipita kwa upinde, macho yanausindikiza njia nzima, lakini ukipita kwa mstari ulionyooka, yanapenda kurukia mwisho na kurudi mwanzo. Robbins alikuwa ameligundua hilo kwa kazi, si kwa maabara. Akitaka jicho lako liusindikize mkono wake na lisahau kurudi mfukoni mwako, anauzungusha.

Lakini kuna jambo la kina zaidi ya macho, na hapa naomba tukae kidogo. Gustav Kuhn, mwanasaikolojia ambaye pia ni mwanamazingaombwe, alifanya jaribio na Michael Land lililochapishwa mwaka 2006. Linahusu mpira, si karata, ila mantiki ni ileile. Mtu anarusha mpira juu na kuudaka, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu anafanya ishara ya kurusha lakini mpira unabaki mkononi. Alipoinua uso na kutazama juu kana kwamba anaufuata, kama theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona mpira ukipaa na kupotea hewani. Alipobaki akiutazama mkono, waliosema hivyo walikuwa theluthi moja tu. Sasa sikilizeni linalonikosesha usingizi. Watafiti walifuatilia macho ya watazamaji kwa mashine, na macho hayakwenda juu mahali mpira ulipodaiwa kupotelea. Macho hayakudanganyika. Yalimtazama mrushaji usoni, yakasubiri. Ni akili iliyomalizia safari ya mpira, ikaapa kwamba imeona.

Ubongo hauwezi kusubiri. Taarifa kutoka kwenye jicho huchukua sehemu ya kumi ya sekunde hivi kabla hujaijua, na kama tungeishi kwa kusubiri taarifa kamili, hakuna ambaye angedaka mpira wala kuvuka barabara ya Morogoro. Kwa hiyo ubongo unakisia kitakachofuata na kutuonyesha makisio. Mara nyingi ni sahihi. Mfanya karata anaishi ndani ya zile nafasi chache ambazo makisio na ukweli vinaachana.

Angalieni kinachoitwa hesabu ya Elmsley, iliyobuniwa na Mskoti Alex Elmsley miaka ya 1950. Mtu ana karata nne. Anazihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine: moja, mbili, tatu, nne. Unasikia mikwaruzo minne, unaona miendo minne. Lakini moja ya karata hizo haikuonyeshwa hata mara moja, na nyingine ilipita mbele yako mara mbili. Msuguano unafanya kazi yake, mbili zinasukumwa kama moja na moja inarudishwa chini, ila kinachokumaliza ni mdundo. Sikio limesikia nne, kwa hiyo jicho linakubali nne. Mfanyaji akikosea mdundo, hata kama vidole vimekwenda sawa, watu wanashtuka bila kujua wameshtuka nini.

Na kicheko! Baada ya akili kunasa jambo la maana, kwa karibu nusu sekunde inakuwa na uzito wa kunasa jingine. Ndiyo maana utani wa mfanya karata hauji ovyo. Karata uliyoichagua imetokea, umecheka, mabega yameshuka, unamgeukia jirani. Kiinimacho cha pili kinafanywa hapo, kwa starehe, wakati kila mtu anadhani cha kwanza ndiyo kwanza kimekwisha.

Mpaka hapa nimezungumzia tunachokiona. Tunachokichagua nacho hakijasalimika. Chuo kikuu cha McGill, Kanada, mwanamazingaombwe na mtafiti Jay Olson aliwafuata watu akiwa na jozi ya karata. Alizipepeta mbele yao kwa kidole, kama nusu sekunde tu, akawaambia wachague moja kwa macho. Karata moja iliachwa ionekane kidogo zaidi ya wenzake. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015: watu 98 kati ya kila 100 walichagua hiyohiyo, na tisa kati ya kumi walisema wamechagua kwa hiari yao. Wengine walitoa na sababu: nimeipenda hii, imenijia tu. Ukipepeta karata 52 kwa nusu sekunde, kila moja inapata sehemu ya mia ya sekunde, muda usiotosha kusoma chochote. Ile iliyopewa muda zaidi ndiyo pekee iliyokuwapo ya kuchaguliwa.

Uswidi walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 Petter Johansson na Lars Hall waliwaonyesha watu picha mbili za sura, wachague iliyo nzuri zaidi. Picha ziligeuzwa kifudifudi, na kwa ufundi ulioazimwa kutoka kwa wafanya karata, mtu akakabidhiwa ile aliyoikataa. Aeleze kwa nini ameichagua. Wengi hawakutambua, wakaeleza. Wakaisifia sura ambayo dakika moja nyuma walikuwa wameiacha. Utafiti huo huwa unatajwa katika mijadala ya kura na ya manunuzi, lakini mama yake ni karata.

Sasa niwapeleke mahali ambapo mambo haya hayachekeshi. Wakenya wanauita pata potea, Tanzania wengi tunaujua kama karata tatu. Kadibodi, kijana mmoja, karata tatu, kikundi cha watu karibu na stendi. Malkia wa kopa yuko wapi? Elekeza kidole, weka hela. Mchezo huu ni wa zamani na wa dunia nzima. Kule Marekani karne ya kumi na tisa, Canada Bill Jones alijulikana kwa kuuchezesha kwenye meli za mto Mississippi.

Karata hizo huwa zimepindwa kwa urefu, kama vigae. Wengi hudhani ni uchakavu. Ni fizikia: karata iliyolala bapa haishikiki kwa vidole viwili, iliyopinda inashikika kingoni kwa haraka, na mkono mmoja unaweza kubeba mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, zikiwa na nafasi katikati. Kila moja imeshikwa na kidole chake. Katika mtupo wa kawaida, ya chini ndiyo inayoanguka kwanza, na kijana atakuonyesha hivyo mara kadhaa, polepole, mpaka akili yako iandike kanuni: ya chini hutangulia. Malkia yuko chini. Halafu, kwa mwendo uleule, upinde uleule, anaachia ya juu. Tofauti iko katika kidole kipi kimelegea. Umeona kila kitu na umemfuata malkia asiyekuwapo.

Hata hivyo, wengi hawaliwi hapo. Huliwa kwenye kona. Mchezeshaji anageuka kukohoa au kugombana na mtu, na mmoja wa wasimamaji, ambaye ni mwenzake, anaikunja kidogo kona ya malkia na kukukonyeza. Mwenye meza hajaona! Sasa huna haja ya macho makali wala bahati, unafuata kona tu. Kitabu cha ujanja wa karata cha mwandishi Erdnase, kilichotoka Chicago mwaka 1902, kinaeleza vizuri kinachofuata: katika kuzitupa karata, kidole kimoja kinanyoosha kona ya malkia na kukunja kona ya karata nyingine. Mteja aliyekuwa akiweka elfu tano anatoa ya kodi ya nyumba, na anaitoa haraka, kabla mwenye meza hajashtuka. Anaficha hata furaha yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo anaamini yeye ndiye anayedanganya.

Na ikitokea mtu, kwa bahati tu, akamwelekea malkia wa kweli? Mmoja wa wale wasimamaji anaweka dau kubwa zaidi kwenye karata nyingine, na mchezeshaji husema anapokea dau moja tu, la juu. Au mtu anapiga kelele kwamba polisi wanakuja, kadibodi inapigwa teke, na kila mmoja anashika njia yake. Hapo hamna msuguano wala mruko wa jicho unaohitaji kuelezwa. Ni wizi wa kawaida, wa mchana kweupe.